Mila Niliyoitunga Mwenyewe

Nilikuwa na sauti nzuri, na ndiyo iliyoniponza.

Miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, na wengi wetu tukiulizwa tunatoka mkoa gani tulijisahau tukajibu Arusha. Duka la ushirika lilikuwa limekufa zamani na biashara zimefunguliwa, basi kila aliyefika mjini alirudi na kitu: mmoja mitumba, mwingine redio, mwingine mashine ya kusaga. Mjomba wangu, kaka yake mama, alirudi na jenereta, televisheni na deki. Akajenga banda la mabati kwenye senta moja ya Hanang, mbele kidogo ya Balangdalalu, akaziba nyufa kwa magunia ili hata saa nane mchana ndani kuwe giza. Kisha akaniita kutoka nyumbani Haydom, wilayani Mbulu, nije niwe mtafsiri wake. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba afariki, kwa hiyo sikuuliza maswali.

Kazi ya mtafsiri ilikuwa hivi. Unakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, wahusika wanaongea Kiingereza au Kichina au Kihindi, na wewe unawaeleza watazamaji wanasema nini. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, nacho chenyewe cha kubahatisha. Kichina na Kihindi sikuwa navyo kabisa. Kwa hiyo nilikuwa natunga. Jambazi wa Kichina nilimpa sauti ya mtendaji wetu wa kata, na vijana wa Kibarbaig waliotoka machungani, wamekaa kwenye mbao na fimbo zao katikati ya magoti, walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi ni Mwiraqw wa milimani, lakini Kibarbaig nilikijua tangu utotoni kwa kutembea minadani, nikawa nachanganya humo humo. Nilipendwa, na nilipenda kupendwa, sitaki kujifanya.

Siku moja dereva wa lori aliyekuja kupakia maharage alimwachia mjomba sidii iliyofungwa kwenye gazeti. Mjomba akaitangaza chini chini kwa wanaume watu wazima tu, alasiri ya siku ya mnada, akasimama mlangoni mwenyewe kumrudisha kila asiyefikia umri wa kuoa. Tulijua ni picha ya X. Sikuwa nimeitazama kabla, maana mjomba alisema picha za namna hiyo hazina maneno ya kutafsiri.

Kilichokuwemo nitakisema mara moja. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba, na wanaume wengi, wengi kuliko nilivyoweza kuelewa, wamesimama wamemzunguka, kila mmoja akingoja zamu yake ya kumchafua usoni. Walikuwa watu wa nchi ya mbali upande wa mashariki, na maandishi ya mwanzo yalikuwa ya herufi nisizozijua. Hapakuwa na mapenzi pale, hata ya kuigiza. Pale bandani hakuna aliyecheka wala kupiga mluzi.

Kisha mwanamume mmoja wa mbele akageuka. Nilimfahamu vizuri, alikuwa mteja wetu wa kila mnada, kijana aliyeoa mwaka uliotangulia na ana mtoto mmoja. Akaniuliza, "Mtafsiri, mbona umenyamaza? Huyu mama amefanya nini?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo na halina gharama. Lakini nilikuwa na kipaza sauti mkononi na watu wote wamenitazama, na mimi sikuzoea kukosa jibu. Nikasema, kwa ile sauti yangu nzito ya picha za vita, "Ndugu watazamaji, hii ni mila ya kwao. Mwanamke akizini, wanaume wa kijiji hukusanyika wakamwadhibu hivi, na mume wake ndiye anayeanza. Wazee wao waliiweka tangu zamani."

Nikasikia watu wakishusha pumzi. Mpaka hapo walikuwa wakitazama kitu kisicho na jina, nacho kiliwatia hofu. Nilipowaambia ni mila, kikapata mahali pa kukaa, kwa sababu kwetu mila ni jambo ambalo mtu anajua namna ya kulitazama hata kama halipendi. Nilijiona mjanja sana. Baada ya miaka mingi nilikuja kusikia kwamba si mimi peke yangu, kwamba hata huko mbali wapo wanaosimulia hadithi kama hiyo hiyo ya adhabu ya kale, na wanaojua wanasema haikuwa mila ya mtu yeyote, ilianzia kwa wenye kamera na biashara yao. Sikushangaa. Mtu akiona jambo kama lile anatafuta babu wa kumsingizia.

Picha ile ilionyeshwa minada mitatu, na maneno yangu yakatoka bandani yakaanza kutembea. Ukipita kwenye vibaraza vya maduka ulikuta watu wanajadiliana. Mwinjilisti alisema ni shetani, na hakuna haja ya kumtafutia shetani asili yake. Mtendaji alisema ni kosa kisheria, ila hakusema amejuaje, na mimi nilikuwa nimemwona bandani, mstari wa pili. Wapo waliosema adhabu ni kali mno, lakini bila shaka wanawake wa huko wana adabu. Nilicheka na hao, Mungu anisamehe.

Aliyenishtua ni mzee mmoja wa Kibarbaig, mtu mkimya. Alisema, "Sisi serikali ilitucheka kwa nguo zetu za ngozi, ikatuvalisha kaptura kwa nguvu. Wakasema ni ushenzi. Leo na sisi tuwaite wenzetu washenzi kwa mila yao? Kila watu wana yao."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo ya duka, na kwa mara ya kwanza sikucheka. Mzee yule alikuwa anautetea uongo wangu kwa aibu ambayo yeye mwenyewe aliipata kweli. Ilikuwa nafasi nyingine ya kusema ukweli, nikaiacha ipite. Tena waliponitaka nifafanue nikaongeza, nikasema wazee wao hukaa kikao kwanza, na baba wa mwanamke lazima aridhie.

Yaliyofuata niliambiwa na mke wa mjomba, ambaye alikuwa Mbarbaig wa ukoo wa pale pale. Aliniambia akiwa anachambua maharage, na amenipa mgongo.

Yule kijana aliyeniuliza swali bandani alikuwa amesikia kwamba mkewe ameonekana mara mbili akiongea na fundi wa mashine ya kusaga. Kuongea tu, hakuna aliyesema zaidi. Asubuhi moja mkewe akiwa anakamua, kijana akamwendea na kumwambia kwa upole kabisa kwamba ameshaongea na wanaume wenzake watano wa rika lake, na mnada ujao watamfanyia ile mila. Akamwambia asiogope, si uonevu, ni jambo lenye utaratibu, na atatuma mtu kwa baba yake kuomba ridhaa. Utaratibu huo wote ulikuwa wangu, neno kwa neno.

Mwanamke aliweka kibuyu chini, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda nyumba ya mama mkwe wake, boma hilo hilo. Akamweleza. Mama mkwe akauliza kitu kimoja tu: "Mila ya nani?" Kisha akachukua fimbo yake akatoka.

"Anakwenda kuwaita," mke wa mjomba aliniambia, na maharage yakaendelea kudondoka kwenye ungo. "Jiandae."

Wabarbaig wana baraza la akina mama. Wanaume wana mikutano yao mingi na ya kelele, lakini hilo la akina mama huitwa kwa nadra, mwanaume akiwa amekosea si mke wake tu bali uanamke wenyewe. Nilikuwa nimelisikia kama tunavyosikia habari za tetemeko, jambo ambalo lipo lakini halijapita kwako.

Lilipita asubuhi ya siku ya tatu. Nilikuwa nafagia mbele ya banda nikasikia wimbo, taratibu, kutoka upande wa mlima. Kisha mwingine kutoka upande wa bwawa. Wakatokea juu ya kilima kwa mistari, wamevaa sketi zao za ngozi zilizopakwa mafuta, bangili za shaba mpaka kwenye viwiko, kila mmoja na fimbo. Hawakukimbia wala kupiga kelele. Wanaume niliowajua kwa ukali, watu ambao mgambo walikuwa wanawaogopa, waliswaga ng'ombe wao wakawatoa njiani na kusimama kando wameinamisha macho. Mjomba alitoka nje, akawasikiliza kidogo, akaenda kuzima jenereta. Nimeshaona misafara ya wakubwa ikipita na vumbi lake, na watu wakipigiwa ngoma ili washangilie. Siku ile hakuna aliyepigiwa ngoma, na mimi nilishusha ufagio nikainamisha macho kama wao. Sioni haya kusema hivyo.

Tukaitwa wawili, mjomba na mimi. Njiani mjomba aliniambia bila kunitazama, "Shikilia hapo hapo kwamba ni mila. Mila ya watu wa mbali hawawezi kuihukumu. Ukisema umetunga, tumekwisha, mimi na wewe, na huyu kijana pia." Nilimjibu, "Sawa, mjomba." Nilikuwa sijawahi kumjibu vingine.

Walikuwa wamekaa kwenye mteremko wa wazi chini ya boma, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Wazee wa kiume wawili watatu walikaa mbali. Kijana mwenye kesi alikaa chini peke yake, fimbo yake wameichukua. Sisi tukakaa nyuma yake. Nikasema shikamoo kwa heshima zote, na hakuna aliyeitikia. Tangu nizaliwe sikuwahi kutoa shikamoo isiitikiwe. Mke wa mjomba alikuwa mstari wa pili, akatutazama kama wapita njia.

Mwanamke akasimama na mtoto mgongoni, akasema alichoambiwa, bila kulia na bila kuongeza. Akaulizwa kijana. Akasema, "Mimi sikutunga kitu. Ni mila ya watu. Nilitaka kufanya kwa utaratibu wake. Muulizeni mtafsiri."

Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele, mdogo wa mwili, aliyepinda mgongo, akageuza uso wake kwangu. Nadhani ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote.

"Wewe kijana wa Mbulu," akasema. "Hiyo mila uliiona?"

"Niliiona kwenye picha, mama."

"Wanawake wa huko walikuwa wamekaa wapi?"

Sikuelewa. Akarudia polepole, akidhani labda Kibarbaig changu ni hafifu. Siku ya mila ile, wanawake wengine walikuwa wamekaa upande gani? Nikasema hapakuwa na wanawake wengine. Akauliza nani alimsindikiza yule mwanamke kuja. Nani alimpokea ilipokwisha, nani alimwogesha, alipelekwa nyumba ya nani, alipewa nini ale. Watu waliimba nini. Aliuliza kwa kutaka kujua kweli, na kila swali lilipokosa jibu alingoja kidogo kabla ya kuuliza linalofuata.

Hapo ndipo niliposhikwa na mshangao ambao mpaka leo haujaniisha. Pale vibarazani watu wenye kusoma walikuwa wamebishana wiki kadhaa kama mila ile ni nzuri au mbaya, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni mila. Huyu mama ambaye hajui televisheni inafananaje aliijua mila ilivyo ndani nje. Alijua kwamba hata mila ngumu ina watu wa kukupokea upande wa pili. Alikuwa akiushika uongo wangu kila mahali na kukuta hauna mlango wala jiko.

Nikamtazama mjomba. Alikuwa anakuna udongo kwa kidole. Nikamtazama yule mwanamke, naye alikuwa ananitazama mdomo. Mnada ulikuwa kesho kutwa. Wale wanaume watano wa rika la kijana walikuwa wamesimama pale kwenye ua wa miiba wa boma na wananisikiliza, na kama ningesema ni mila wangekuwa na kitu cha kushikilia, kama si mnada huo basi mwingine.

"Nilitunga," nikasema. "Si mila ya mtu. Sijui hata neno moja la lugha yao. Niliulizwa nikaona haya kusema sijui."

Mjomba akashusha pumzi ndefu. Kijana akaweka kichwa juu ya magoti yake, na akabaki hivyo. Nilitegemea kelele, matusi, fimbo. Akina mama hawakunitazama tena.

Wakaongea wao kwa wao. Kijana akatozwa fahali mweusi, ndiyo faini ya baraza hilo, na nyama yake hailiwi na mwanaume. Mkewe angekaa kwa mama mkwe mpaka atakaposema mwenyewe kwamba anarudi. Mimi nikaambiwa nitembee boma kwa boma, kila alikotoka mtu aliyeingia bandani, nikawaambie kwa mdomo ule ule na sauti ile ile. Mjomba naye alikuwa ameanza kujiinua akidhani yamekwisha.

Yule mwanamke akaomba kusema tena. Aliongea na mimi moja kwa moja.

"Yule wa kwenye picha," akasema, "alikuwa anasema nini?"

Nikataka kujibu kwamba hakusema kitu, kisha nikakumbuka. Alikuwa akisema. Neno moja fupi, analirudia, ameinua macho kumtazama mmoja wa wale wanaume. Minada mitatu lile neno lilikuwa likitoka kwenye spika, na mimi nikiongea juu yake.

"Sijui, mama."

"Lakini alisema?"

"Alisema."

"Na wewe ukaongea."

"Ndiyo, mama."

Akaketi. Wale wa mbele wakainamiana, wakazungumza kwa muda, nikasikia fimbo zikigonga chini kidogo kidogo. Yule mama mzee akageuka kwa mjomba. Mwenye picha naye atoe fahali mweusi.

Mjomba alikuwa mfanyabiashara, akajikaza akauliza kwa adabu, "Mama, aliyekosewa ni mmoja, na fahali wake ameshatajwa. Huyu wa pili ni wa nani?"

"Wa yule wa kwenye picha," akasema. "Amekosewa, na hapo alipo hatujui kama ana mama."

Mjomba alitazama upande wa mkewe, naye akatikisa kichwa kukubali, si kwa mjomba, kwa wenzake. Mimi nilikuwa nalia, na nilikuwa kijana wa kujivuna ambaye hata kwenye msiba wa baba nilijizuia. Wanawake ambao hawajafika hata mjini Babati walikuwa wamekaa chini ya jua kumdaia haki mwanamke wa ng'ambo ya bahari, ambaye hatajua kamwe, na waliona ni jambo la kawaida kabisa, ni kazi iliyobaki kabla ya kurudi nyumbani kukamua.

Fahali wa mjomba nilimswaga mimi mwenyewe. Walimpokea bila kunisemesha. Kwenye maboma nilitembea mpaka viatu vikaisha, na hakuna mahali nilipopata shida kuliko kwa yule mzee aliyevalishwa kaptura. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe," akaingia ndani. Mjomba aliivunja sidii kwa jiwe na mwaka uliofuata akauza banda. Mimi nilirudi Haydom, sikushika tena kipaza sauti.

Yule mwanamke alikaa kwa mama mkwe wake masika yote, kisha akarudi nyumbani kwake kwa hiari yake, na nasikia mumewe aliishi kwa kuinamisha kichwa. Nilikutana na mwanamke huyo miaka mingi baadaye, Haydom, amemleta mama mkwe hospitali kwa basi la asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mtu mzima sasa, kitenge juu ya sketi ya ngozi. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Habari za siku, mtafsiri," akasema, na akatabasamu kidogo kwa kunitania. Nikamsalimia, nikamuulizia mgonjwa. Tukaongea habari za mvua. Kisha akaniuliza, "Ulishajua alikuwa anasema nini?"

Nikasema hapana.

"Simu unayo?"

Nilikuwa nimeishika mkononi, simu kubwa inayojua lugha zote. Lile neno sikuwahi kulisahau hata siku moja, na sikuwahi kulitafuta. Nilimwambia ukweli, kwamba naogopa.

Akasogea kwenye benchi akanipa nafasi nikae. "Basi niambie mimi," akasema. "Hivyo hivyo alivyosema yeye."

Nikalitamka. Lilikuwa neno fupi, na safari hii sikuongeza kitu juu yake. Alisikiliza ameinama, akaniomba nirudie, nikarudia.